Meja aliyelilalia guruneti, na wanaoligombea jina lake

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri ya Julai 26, 2006, askari wa Israel wa batalioni ya 51 ya brigedi ya Golani walikuwa wamebanwa kwenye viunga vya Bint Jbeil, mji wa kusini mwa Lebanon ulio kilomita chache tu kutoka mpaka wa Israel. Wapiganaji wa Hezbollah, walioujua mji huo kichochoro kwa kichochoro, walikuwa wamejipanga. Risasi zilitoka karibu mno, nyuma ya kuta na ndani ya nyumba. Katika vurumai hiyo guruneti likarushwa juu ya ukuta, likaangukia palipokuwa na kundi la askari.

Meja Roi Klein, naibu kamanda wa batalioni, alikuwa hapo. Akalirukia na kulilalia kwa mwili wake. Waliokuwa pembeni walimsikia akipaza sauti kutamka Shema Yisrael, ungamo la kwamba Mungu ni mmoja, ambalo Myahudi mcha Mungu hulisema asubuhi na jioni na hutamani liwe neno lake la mwisho duniani. Guruneti likalipuka. Askari waliokuwa naye wakapona.

Hakufa papo hapo. Kwa masimulizi ya askari wake, alipata nguvu ya kukabidhi redio yake ya mawasiliano ya siri ili isianguke mikononi mwa adui. Kisha akatangaza hewani, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba Klein amekufa. Aliacha mke na watoto wawili wa kiume, wadogo kiasi cha kumjua baba yao kwa kusimuliwa.

Batalioni hiyo ilipoteza askari wanane katika mapigano ya Bint Jbeil siku ile. Vita vyenyewe, vilivyoanza Julai 12 na kusitishwa Agosti 14, viliua Walebanoni zaidi ya elfu moja, wengi wao raia, na kwa upande wa Israel askari wapatao 120 na raia zaidi ya 40.

Miaka mingi imepita, na alichokifanya Klein hakibishaniwi. Hata Waisraeli wanaoiona vita ile kuwa ilipangwa vibaya na kuendeshwa vibaya zaidi, humvulia kofia. Kinachobishaniwa ni nani mwenye haki ya kulitumia jina lake, na kwa kazi gani. Jeshi linalitumia, marabi wanalitumia, walowezi wa Ukingo wa Magharibi wanalitumia, na limefika hadi kwenye kesi ya ardhi katika Mahakama ya Juu ya Israel.

Shule ya Eli

Klein alizaliwa Julai 1975 huko Ra'anana, mji wa watu wenye maisha ya kati kaskazini mwa Tel Aviv. Alipiga saksafoni. Alisomea uhandisi wa viwanda na menejimenti katika chuo cha Ariel. Hadi hapo ni wasifu wa kijana yeyote wa Kiisraeli aliyesoma. Kilichomtofautisha na maofisa wa enzi za waasisi wa jeshi lile ni kofia ndogo ya Kiyahudi iitwayo kipa kichwani, na njia aliyopita kufikia cheo.

Jeshi la Israel lilipoundwa mwaka 1948, na kwa miongo kadhaa baadaye, maofisa wake mashuhuri walitoka kwenye kibbutz, vijiji vya ujamaa ambako jembe na bunduki viliheshimiwa kuliko kitabu cha sala. Vijana wa dini walikwenda jeshini pia, wengi kwa mpango wa kuchanganya masomo ya Torati na muda mfupi wa utumishi. Wachache walibaki na kupanda vyeo.

Mwaka 1988 Rabi Eli Sadan na Rabi Yigal Levinstein walifungua shule ya Bnei David katika makazi ya walowezi ya Eli, kati ya Ramallah na Nablus. Wazo lao lilikuwa jepesi kueleza: kijana amalizapo sekondari akae mwaka mmoja au zaidi akisoma Torati hadi imani yake ikomae, kisha aingie jeshini kama wengine, achanganyike nao, atafute uofisa. Klein alikuwa mmoja wa waliopita hapo.

Wazo likazaa kuliko walivyotarajia wapinzani wake. Takwimu zilizochapishwa katika jarida la jeshi, Maarachot, zilionyesha kuwa mwaka 1990 wahitimu wa dini walikuwa asilimia 2.5 ya maofisa wapya wa askari wa miguu. Kufikia mwaka 2007 walikuwa asilimia 31 hivi. Jamii isiyozidi sana sehemu moja ya kumi ya Waisraeli ikawa inatoa karibu theluthi moja ya maofisa wachanga wa mstari wa mbele.

Ongezeko hilo liliwafurahisha wengine na kuwatia hofu wengine. Hofu ilikuwa hii: siku rabi akisema moja na kamanda akisema jingine, ofisa huyu atamtii nani? Halikuwa swali la darasani. Agosti 2005 serikali ya Waziri Mkuu Ariel Sharon iliwaondoa walowezi wote wa Gaza, makazi 21, pamoja na manne ya kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi. Waliotumwa kuwaondoa walikuwa askari, na miongoni mwao walikuwamo waliolelewa katika makazi kama hayo. Wapo marabi waliowaambia wakatae amri. Askari wengi hawakukataa.

Mmoja wa wanane waliokufa Bint Jbeil anaonyesha jinsi mvutano huo ulivyowagusa askari wenyewe. Luteni Amihai Merhavia, naye wa Eli, alikuwa amemwandikia mkuu wa majeshi, Dan Halutz, barua kali ya kulalamikia ubomoaji wa nyumba za walowezi huko Amona mapema mwaka 2006. Alisimamishwa wadhifa wake, kisha akarejeshwa. Miezi michache baadaye alikufa akiongoza askari wa jeshi lilelile alilolilalamikia.

> Waliotumwa kuwaondoa walowezi walikuwa askari, na miongoni mwao walikuwamo waliolelewa katika makazi kama hayo.

Kidumu cha maji cha Rabi Akiva

Kwa Waisraeli wasio wa dini, jambo la Klein lina mfano wake tayari. Makuruta husimuliwa habari za Natan Elbaz, mzaliwa wa Moroko, ambaye mwaka 1954 guruneti lilimlegea mikononi akiwa kambini. Hakuwa na pa kulitupa bila kuua wenzake, akalikumbatia na kulilalia. Huo ni ushujaa wa kijeshi, hauhitaji fatwa.

Kwa Myahudi wa dini mambo hayaishii hapo. Sheria yake inamkataza kujitoa uhai, na inamtaka avunje takriban amri zote ili kuokoa roho, ikiwamo yake. Je, anaruhusiwa kufa kwa makusudi ili mwenzake aishi?

Swali hili lina umri wa karibu miaka elfu mbili. Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, inasimulia habari za wasafiri wawili jangwani, mmoja ana kidumu cha maji. Wakigawana, wote watakufa. Akinywa mwenye nacho peke yake, atafika kwenye makazi ya watu. Mwalimu aitwaye Ben Petura alifundisha kuwa ni heri wanywe wote wawili, mmoja asitazame kifo cha mwenzake. Rabi Akiva akampinga. Akitegemea aya ya kitabu cha Walawi isemayo juu ya ndugu yako kuishi pamoja nawe, alihukumu kwamba uhai wako unatangulia uhai wa mwenzako. Maoni ya Akiva ndiyo yaliyoshika.

Kwa kipimo hicho, Klein alikuwa na kidumu chake. Angeruka upande wa pili.

Marabi wa karne ya 20 waliandika mengi juu ya hili, kwa sababu hapo kabla Wayahudi kwa karne nyingi hawakuwa na jeshi na suala lilibaki la vitabuni. Rabi Abraham Isaac Kook alitofautisha uhai wa mtu mmoja mbele ya mwenzake na uhai wa mtu mmoja mbele ya umma mzima. Rabi Eliezer Waldenberg wa Jerusalem aliandika kuwa vita vina hukumu zake: katika vita kila mtu ameshaingia hatarini kwa ajili ya wengine, basi kanuni ya kidumu cha maji haiwezi kutumika vilevile, kwa maana jeshi ambalo kila askari anatanguliza uhai wake si jeshi. Wapo wanaosema zaidi kwamba tendo kama hilo halimlazimu mtu, ila akilifanya ni daraja la juu la ucha Mungu.

Guruneti la kawaida hulipuka sekunde nne au tano baada ya kuachiwa. Hakuna anayefungua Talmud katika muda huo. Kwa hiyo hoja za marabi hazimhusu sana Klein mwenyewe, zinawahusu wanafunzi watakaofundishwa habari zake, na hapo ndipo uzito wake ulipo: shule inayomtaja kila mwaka inapaswa kujua inawaambia nini vijana wa miaka 18.

Na kuna jambo moja ambalo kwa wanaoijua Talmud halikuhitaji maelezo hata siku ya mazishi ya Klein. Rabi Akiva huyohuyo, aliyetanguliza uhai wa mwenye kidumu, aliuawa na Warumi katika karne ya pili kwa kosa la kufundisha Torati. Walimchuna nyama kwa chanuo za chuma, na saa ilikuwa ya sala ya Shema. Aliisema, akalivuta neno la mwisho, neno la umoja wa Mungu, hadi roho ikamtoka. Tangu hapo Wayahudi waliouawa kwa ajili ya imani, kuanzia Zama za Kati hadi kambi za Wanazi, wamesimuliwa wakifa na maneno hayo. Klein alipoyapaza nyuma ya ukuta wa Bint Jbeil, watu wake walisikia mnyororo mzima huo.

Hata hivyo mfano haukai sawasawa, na ni vizuri kulisema. Akiva alikuwa mfungwa mikononi mwa dola. Klein alikuwa ofisa wa dola yenye ndege na vifaru, katika nchi ya watu wengine. Wanaomsomea historia ya Akiva peke yake wanaacha nusu ya habari.

Mawe yanayofanana

Klein alizikwa Julai 27, 2006 katika makaburi ya jeshi ya Mlima Herzl, Jerusalem. Kwa kalenda ya Kiebrania ilikuwa tarehe 2 ya mwezi wa Av, tarehe aliyozaliwa miaka 31 nyuma. Siku ya kumbukumbu ya kifo chake, Av mosi, inafungua siku tisa za maombolezo ya Hekalu la Jerusalem, ambapo wacha Mungu huacha nyama na divai. Familia za dini huwasha mshumaa wa kudumu saa 24, husoma sura za Mishna, kitabu cha sheria za marabi, kwa ajili ya roho ya marehemu, na mwanamume wa karibu husema Kadish, sala ya wafiwa isiyotaja kifo hata mara moja. Ni sifa za Mungu mwanzo hadi mwisho.

Sheria ya mazishi yenyewe ina jambo ambalo msomaji Mwislamu wa Mombasa au Unguja hatashangazwa nalo. Myahudi akifa huoshwa na kuvishwa sanda nyeupe ya kitambaa cha kawaida, tajiri kwa maskini. Lakini aliyeuawa na damu yake ikamwagika juu ya nguo zake, sheria inasema haoshwi. Huzikwa na nguo na damu yake. Ndivyo ilivyo kwa shahidi wa vita katika Uislamu.

Mlima Herzl hauna minara wala sanamu juu ya makaburi ya askari. Mawe ni mafupi na yanafanana, yamelala kama mto wa kitanda, na kitanda chenyewe ni udongo uliopandwa majani. Jiwe la jenerali na la kuruta ni kipimo kimoja. Yaandikwayo ni jina, wazazi, mahali pa kuzaliwa, cheo, tarehe na mahali pa kufa, umri. Wageni huacha vijiwe vidogo juu yake badala ya maua. Hapo hapo amelala Yonatan Netanyahu, kamanda aliyeuawa Julai 4, 1976 katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, katika operesheni ya kuokoa mateka ambayo Afrika Mashariki inaikumbuka kwa sababu zake. Hakuwa mtu wa dini kwa namna ya Klein. Jiwe lake halitofautiani.

Usawa huo umekuwa na gharama. Katika miaka ya 1990 familia zilikwenda Mahakama ya Juu zikidai haki ya kuongeza maneno yao juu ya jiwe la mtoto wao. Serikali ilisema mawe yakianza kutofautiana, makaburi ya jeshi yatageuka mashindano. Mahakama iliona uchungu wa mfiwa nao una haki yake, ikaruhusu maneno machache.

Kubwa zaidi lilikuwa swali la nani anayekumbuka. Tamko linalosomwa katika hafla za kijeshi, liitwalo Yizkor, lina asili ya maneno aliyoyaandika Berl Katznelson, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mwaka 1920 baada ya Wayahudi wanane kuuawa Tel Hai. Kwake, anayeombwa kukumbuka ni watu wa Israel. Baadaye, chini ya marabi wa jeshi, likaenea toleo linalomwomba Mungu akumbuke. Mwaka 2011 mzozo ulilipuka magazetini. Wazazi wasio na dini walisema mtoto wao alikufa kwa ajili ya nchi, na taifa lisimsukumie Mungu wajibu wake. Wazazi wa dini walijibu kwamba taifa hufa na kusahau, Mungu hasahau. Mkuu wa majeshi, Benny Gantz, aliunda kamati, na hatimaye jeshi likarudi kwenye maneno ya Katznelson.

Nikiri kwamba hoja ya wazazi wa dini inanigusa zaidi, ila uamuzi wa Gantz naona ulikuwa sahihi. Jeshi lina Wadruze, Wakristo, Waislamu wa Kibedui na wasioamini chochote. Kwenye hafla ya wote, lugha ni ya wote. Familia ya Klein ina sinagogi lake, na huko hakuna anayewapangia wamwombe nani.

Kila mwaka, Siku ya Kumbukumbu inapoingia, king'ora hulia saa mbili usiku kwa dakika moja, na kesho yake saa tano asubuhi kwa dakika mbili. Magari husimama katikati ya barabara kuu, madereva hutoka na kusimama wima. Katika baadhi ya mitaa ya Wayahudi wa siasa kali za dini, wanaojulikana kama Haredi, wapo wasiosimama: wanaona king'ora ni desturi ya mataifa, na kwamba marehemu hufaidika kwa Zaburi. Hao ndio ambao kwa miongo mingi vijana wao wa vyuo vya dini walisamehewa jeshi, hadi Juni 2024 Mahakama ya Juu ilipoamua kuwa msamaha huo hauna tena msingi wa kisheria. Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 na misiba ya askari kurundikana katika familia za aina ya Klein, hasira kati ya makundi haya mawili ya wacha Mungu imekuwa kali kuliko ile iliyopo kati ya wa dini na wasio wa dini. Mmoja humwonyesha mwenzake kaburi la mwanawe. Mwenzake humjibu kwamba kusoma Torati nako ni kulinda nchi.

Nyumba ya mjane

Klein na familia yake waliishi Hayovel, mtaa wa Eli ulio juu ya kilima, uliojengwa bila vibali kamili hata kwa sheria za Israel yenyewe. Chini ya vilima hivyo kuna vijiji vya Wapalestina, kimojawapo Qaryut, ambavyo wakazi wake wanasema ardhi na njia zao zimemegwa kidogo kidogo. Na hiyo ni sehemu tu ya suala. Kwa Umoja wa Mataifa na nchi nyingi duniani, makazi yote ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi ni haramu kisheria, kama Baraza la Usalama lilivyotamka tena Desemba 2016 katika azimio namba 2334. Israel inapinga tafsiri hiyo.

Mwaka 2005, kabla Klein hajafa, shirika la Kiisraeli la Peace Now lilikwenda mahakamani kuitaka serikali itekeleze amri zake yenyewe za kubomoa nyumba za kudumu za Hayovel. Haikuwa kesi ya mtu. Ilikuwa kesi ya nyumba ambazo dola ilikiri kwamba zimejengwa kinyume cha sheria, kisha ikazifumbia macho.

Baada ya Bint Jbeil ikageuka kesi ya mtu. Na Machi 2010 ikageuka zaidi, pale Meja Eliraz Peretz, naye ofisa wa Golani na mkazi wa mtaa uleule, alipouawa Gaza. Kaka yake, Uriel, alikuwa ameuawa Lebanon mwaka 1998. Mama yao, Miriam Peretz, mwalimu aliyehamia Israel kutoka Moroko, akawa sauti ya wafiwa nchini humo. Alipewa Tuzo ya Israel mwaka 2018 na kugombea urais mwaka 2021, akashindwa na Isaac Herzog. Sasa orodha ya nyumba za kubomolewa ilikuwa na wajane wawili wa maofisa wawili.

Kwa walowezi na wanasiasa wao, hoja ilijieleza. Dola iliyomtuma mtu akafe haiwezi kesho yake kutuma tingatinga kwa mkewe na wanawe. Waisraeli wengi wasiopenda makazi ya walowezi nao walilemewa na picha hiyo.

Peace Now walijibu kwamba ombi lao lilitangulia vifo, na kwamba sheria ya ardhi haibadiliki kwa sababu mkazi amekuwa shujaa. Wangeweza kuongeza, na baadhi ya waandishi wa Israel waliongeza, kwamba nyumba nyingine nyingi za kilimani pale hazikuwa za mjane yeyote, lakini zote zilijificha nyuma ya hizo mbili.

> Nyumba nyingine nyingi za kilimani pale hazikuwa za mjane yeyote, lakini zote zilijificha nyuma ya hizo mbili.

Serikali, kwa kupimapima ardhi upya na kuomba muda, iliieleza mahakama kuwa inatafuta njia ya kuhalalisha badala ya kubomoa. Nyumba za Klein na Peretz hazikubomolewa. Mkulima wa Qaryut katika simulizi yote hii hutajwa kwa nadra, na magazetini jina lake hakuna anayelikumbuka.

Upande wa pili wa ukuta

Guruneti lile lilirushwa na mtu, na mtu huyo naye ana watu wanaomkumbuka au kumsifu. Bint Jbeil si mji wa kawaida katika vita hivi. Mei 2000, Israel ilipoondoka kusini mwa Lebanon baada ya miaka 18, kiongozi wa Hezbollah, Hassan Nasrallah, alihutubia hapo na kuifananisha Israel na utando wa buibui. Miaka sita baadaye jeshi la Israel liliupa mpango wake wa kuuteka mji huo jina la utando wa chuma. Majenerali walitaka kumjibu mtu hotuba, na waliotumwa kupeleka jibu ni kina Klein.

Walebanoni wa kusini wanaikumbuka Bint Jbeil kwa nyumba zilizogeuka vifusi na raia waliozikwa chini yake, na kwa fahari ya kwamba mji haukuanguka. Mabango ya mashahidi wao yalitundikwa kando ya barabara. Wao pia wana maneno ya imani ambayo hutamani yawe ya mwisho vinywani, nayo pia yanasema Mungu ni mmoja.

Klein alipewa nishani ya Itur HaOz, ya pili kwa ukubwa jeshini. Wapo waliouliza kwa nini si Itur HaGvura, ya kwanza, maana wangeipa nani kama si yeye. Hiyo haijatolewa kwa yeyote tangu vita vya Oktoba 1973. Sioni kama nishani ya juu zaidi ingebadili kitu. Askari waliorudi hai kutoka nyuma ya ule ukuta wanajua wanadaiwa nini, na hawahitaji kamati.

Ninaloona ni kwamba jina lake linabebeshwa mzigo usio wake. Mwanasiasa anayelipeleka mahakamani kuhalalisha kilima anaomba huruma ya sekunde tano za Bint Jbeil ilipe deni la miaka ya ujenzi haramu. Na mpinzani wa walowezi anayeona lazima ampunguzie Klein ushujaa ili hoja yake isimame, hana imani na hoja yake. Meja huyu alikufa kwa ajili ya askari waliokuwa karibu naye. Kesi ya Hayovel ina ramani, hati na mashahidi wa kutosha kuamuliwa bila yeye, na wenye mashamba wa Qaryut wana haki ya kusikilizwa kama kwamba hakuna shujaa aliyewahi kuishi pale juu.